Siku Yangu Moja na Punje 20 za Mahindi

Saa 11 alfajiri nilikuwa nimeamka nyumbani Malindi, nikanywa chai, nikahesabu punje 20 za mahindi na kuzifunga kitambaani. Jirani yangu huniita mtu wa sensa. Mimi ni mdadisi: huwauliza watu wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ni kipi wanachokithamini zaidi kati ya vile wanavyopata msituni humo, nao hujibu kwa kugawa punje juu ya kadi za picha.

Saa 1 asubuhi, bodaboda na vumbi, kupitia Kakuyuni hadi Jilore.

Kati ya saa 2 na saa 5 nilimaliza nyumba tatu. Kijana mmoja aliweka punje 6 juu ya vipepeo, kwa kuwa hufuga viwavi na kuuza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kuwa vipepeo, kwa mradi wa Kipepeo ulioanza Gede mwaka 1993. Mama mmoja, ambaye hupikia kuni kavu anazookota msituni kwa kibali, aliziwekea kuni punje 3 tu na mvua 12. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtoto asiyejua kitu: kuni, alisema, zikikosekana hununuliwa.

Ilikaribia saa 6 nilipobisha hodi kwa mzee ambaye shamba lake limepakana na msitu. Niliamkia, akaitikia marahaba, kisha mahojiano yakageuka, nikawa mimi ndiye ninayehojiwa. Alitaka kujua nani amenituma, kama mpaka wa msitu utasogezwa, na mbona mdadisi aliyetangulia, mwenye karatasi kama zangu, hakurudi kuwaeleza alichokipata. Maswali mawili ya kwanza niliyajibu. La tatu nililimeza pamoja na mate, maana hata mimi sijawahi kurudishwa kijiji chochote kupeleka majibu.

Nilipotandaza kadi za kuni, asali, dawa, mvua na vipepeo, alizitazama kwa muda mrefu.

"Ndovu yuko wapi, mwanangu?"

Nilimweleza kwamba hojaji inauliza manufaa. Akaniambia kuwa mahindi niliyomkabidhi ni mengi kuliko yale aliyoachiwa na ndovu walipoingia shambani, na kwamba dai lake la fidia, ambayo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaitambua hata kwa mazao, bado halijajibiwa. Hata hivyo hakuuchukia msitu. Alizipa mvua na dawa punje nyingi, akizipanga polepole kama apandaye mbegu, kisha akachukua 5 na kuziweka pembeni, mchangani, akisema hizo ni za ndovu na zisihesabiwe. Nilipokuwa nikitafuta namna ya kumsihi, kuku wake akadonoa 2 kati ya zile zilizokuwa juu ya kadi.

Jua lilikuwa kali, maji yangu yamekwisha, na simu ninayojazia hojaji ilikataa kabisa jumla isiyofika 20. Ningeweza kujaza namba zozote nikaondoka, na nakiri kuwa uchovu ulinishawishi. Lakini ningekuwa nimemwandikia mzee wa watu thamani ambayo hakuitamka.

Sikumbuki vyema nyumba mbili za mwisho. Nilifika Malindi magharibi, miguu imevimba, na kabla sijavua viatu msimamizi akapiga simu kuuliza kwa nini hojaji moja haijatumwa. Nilimwambia imepungua punje 7.