Rotlo ya Ba na kilo mbili za uwele

Bibi yangu tulimwita Ba. Alizaliwa kijijini karibu na Porbandar, huko Kathiawar, Gujarat, magharibi mwa India, akaja Afrika Mashariki kwa meli ya Karanja akiwa bibi harusi. Alikuja kutua Singida, kwenye nyumba iliyokuwa duka la vitenge mbele na jiko lake nyuma. Mimi nimelelewa kwenye jiko hilo. Sauti ya utotoni ninayoikumbuka kuliko zote ni ya viganja vyake jioni, pa-pa-pa-pa, akiupiga unga wa uwele uwe rotlo.

Kwa asiyeijua, rotlo ni mkate wa uwele, uwele huu huu wa Dodoma na Singida. Kwa Kigujarati unaitwa bajri. Rotlo haina hamira wala ngano, na haisukumwi kwenye kibao kama chapati. Unaipigapiga kati ya viganja hadi itanuke duara, kisha unaiokea juu ya kikaango cha udongo, tavdi. Kitenzi chake ni ghadvo, kile kile cha mfinyanzi anapofinyanga chungu.

Huko Kathiawar rotlo ni chakula cha majira ya baridi, Desemba na Januari. Ba alipofika Singida aliyahamishia majira hayo Juni na Julai, uwele mpya ukiwa umeshatoka shambani na upepo wa usiku unapenya hadi mifupani. Biringanya lilichomwa juu ya makaa mpaka ganda likaungua, likamenywa, likapondwa, likakaangwa na kitunguu saumu kibichi pamoja na majani yake. Pembeni kulikuwa na siagi nyeupe aliyoitoa mwenyewe kwenye mtindi, kipande cha sukari guru, na mtindi uliozimuliwa kwa maji na kutiwa bizari nyembamba. Kitunguu maji hakikukatwa kwa kisu. Babu alikipiga ngumi moja, kikafunguka.

Ba alipofariki, rotlo iliondoka naye. Mama alikuwa na duka la kuendesha, na chapati zilikuwa rahisi zaidi. Mimi nikaolewa Dar es Salaam, na mwaka 2019, binti yangu alipofikisha umri niliokuwa nao nikikaa miguuni pa Ba, nikaamua nitaipika.

Nilianza na unga wa uwele wa pakiti. Kila nilipolipanua donge, kingo zilichanika kama tope lililokauka. Chache nilizofanikiwa kuziokoa zilikuwa na uchungu unaobaki kooni. Nikajaribu maji ya moto, nikachanganya na robo ya ngano. Zikashikana, ila zilikuwa chapati nzito za kijivu, na mwanangu alikula kwa kunionea huruma. Nikampigia Foi, shangazi yangu aliyeko Leicester. "Beta, mwanangu, kanda sana, maji yawe ya vuguvugu," akasema. Nilikanda mpaka mabega yakauma. Uchungu haukuondoka.

Jibu nililipata sokoni Tandale, nilikokwenda kutafuta uwele ambao haujasagwa. Mama aliyekuwa akiuza alikuwa Mnyaturu, na aliposikia nimekulia Singida akaanza kuniita mwanangu. Nikamsimulia yote. Akasema, "Unga wa uwele haulazwi, mwanangu. Sisi tunasaga wa kula, basi."

Nilisimama pale na mfuko mkononi. Kumbe hilo nililijua kwa miguu yangu mwenyewe! Kila Jumatano na Jumamosi Ba alinituma mashineni na ndoo ndogo, uwele kilo mbili, si zaidi. Nilinung'unika kila mara: kwa nini tusisage debe zima tukapumzika? Ba alinijibu kwa maneno mawili tu, "tajo lot", yaani unga mpya. Miaka yote nilidhani ni ubahili wa wenye duka. Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, na ukishasagwa mafuta hayo huanza kuharibika ndani ya siku chache. Uchungu unatoka hapo.

Nikanunua kilo mbili zile zile. Nikapepeta, nikachambua mawe, nikawahi mashineni asubuhi kabla mahindi ya watu hayajaanza kusagwa. Unga ulitoka ukiwa wa moto, rangi ya majivu yenye ukijani kwa mbali, unanukia karanga.

Unakanda donge la rotlo moja tu, unaioka, ndipo unakanda la pili. Viganja viwili vya unga, chumvi kidogo, maji kidogo kidogo. Unalisukuma donge mbele kwenye sinia kwa nguvu zote za kiganja, unalikusanya, unalisukuma tena, dakika 4 au 5, hadi ukilibonyeza ukingo haupasuki. Uwele hauna mvutano wa ngano, kwa hiyo kinachoushikilia ni mkono wako. Kisha unalowesha viganja na kuanza kupiga, kila pigo unageuza kidogo. Za kwanza zilikuwa kubwa kama kisosi, nene, lakini nzima. Ya tano ikavimba juu ya kikaango, ngozi ya juu ikaachana na ya chini. Nikaitoboa kwa kidole nikamimina samli ndani, kama alivyofanya Ba.

Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India, uliuita mwaka wa kimataifa wa uwele, mtama, ulezi na jamii zake. Nilitamani Ba angekuwepo, maana wapo jamaa waliomcheka kwa kupika chakula cha maskini akiwa na duka zima mbele.

Juni iliyopita nilimpigia Foi, nikaiweka simu kando ya sinia bila kusema kitu, nikapiga rotlo. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mkono wa kulia mzito, beta. Ba alikuwa anakwenda haraka zaidi."

Nikaongeza mwendo.