Njia "tambarare" ya Claerwen na boliti moja ya M5

"Kaka, unapita kando ya ziwa, na kando ya ziwa hakuna mlima." Huo ndio ushauri niliopewa na mwenzangu hapa Birmingham, mtu wa baiskeli miaka mingi, nami nikaumeza mzimamzima. Claerwen, katikati ya Wales, si ziwa la asili. Ni bonde la mto lililozibwa kwa bwawa lililofunguliwa mwaka 1952, na ukingo wake unaingia na kutoka kwenye kila kijibonde kilichozama. Kwa hiyo njia inashuka hadi kwenye kijito, inapinda, inapanda, halafu inaanza upya, na inaendelea hivyo kama kilomita kumi bila lami. Anayetaka tambarare abaki kwenye Elan Valley Trail, inayoanza karibu na Rhayader. Ile ilikuwa reli ya kubebea vifaa vya kujengea mabwawa ya kwanza, kati ya 1893 na 1904, na treni ya mizigo haipandi mwinuko mkali.

Mzunguko wangu: treni hadi Llandrindod, baiskeli hadi Rhayader, kisha mabwawa ya Elan, Claerwen, vijiziwa vya Teifi, magofu ya abasia ya Ystrad Fflur, mpaka Aberystwyth, ambako kuna treni ya moja kwa moja ya kurudi Birmingham. Siku tatu bila kukimbizana. Nafasi za baiskeli kwenye treni hizo ni chache mno, weka yako mapema. Maji ya bombani Birmingham hutoka huku huku Elan, yakiteremka yenyewe kama kilomita 117, kwa hiyo nilikuwa naenda kuona kisima changu.

Gia yangu ndogo kabisa ni meno 26 mbele na 36 nyuma. Usiende na gia nzito zaidi ya hiyo ukiwa na mzigo, labda kama unapenda kusukuma. Tairi ni za milimita 47. Kwa mwili wa kilo 75 na mzigo wa kilo 17, upepo unaofaa kwenye mawe ni kama psi 40 nyuma na 32 mbele. Mimi nilikuwa nimejaza 65 kwa ajili ya lami, na nilipofika bwawani sikupunguza kwa sababu yule yule mwenzangu aliniambia tairi gumu halipati pancha. Tairi gumu halimezi jiwe, linadunda juu yake, na kila mdundo unaishia kwenye boliti.

Keria ya nyuma inashikwa na boliti nne za M5 (unene wa milimita 5), mbili chini ya siti na mbili karibu na ekseli. Hizi za chini ndizo zinazobeba uzito. Nikiwa nusu ya njia nilianza kusikia mlio mdogo, ti-ti-ti, nikadhani ni sufuria. Si sufuria. Mkoba wa kushoto ulikuwa umelala na kona yake inalamba spoku, na boliti ya chini ya kushoto haipo. Kuirudia kwenye changarawe ya kijivu ni kupoteza jioni.

Jaribio la kwanza: vibanio vitatu vya nailoni, vile vya kufungia nyaya. Havikumaliza kilomita. Kibanio kinavumilia kuvutwa, lakini mguu wa keria ukicheza juu ya chuma cha fremu unakikata kama mkasi. Jaribio la pili lilikuwa kamba ya hema, mizunguko minane, fundo la kujivunia. Nailoni ikilowa inarefuka, na Wales kila kitu kinalowa. Baada ya robo saa mkoba ukawa umelala tena.

Ndipo nikaangalia chupa ya maji. Kishikio cha chupa kinafungwa kwa boliti mbili za M5, hesi ile ile ya milimita 0.8 kati ya mzunguko na mzunguko, spana ile ile ya L ya milimita 4. Nikang'oa moja, kishikio nikakiachia boliti iliyobaki na utepe. Sikuwa na gundi ya kuzuia boliti isilegee, nikazungushia uzi wa kushonea mara mbili kwenye hesi ili iingie kwa kubana. Mwendo mzima wa kazi hii, dakika tano. Ufupi wa boliti ya chupa ni baraka: ikipotea ya upande wa kulia, usiweke ndefu, kwa maana ncha ikitokeza ndani inagusa mnyororo ukiwa kwenye sproketi ndogo kabisa ya nyuma. Nikahamishia jiko na chakula mkoba wa kulia, nikatoa upepo hadi 40, na ule mlio ukakoma. Ilishika mpaka Aberystwyth.

Kuhusu kulala. Wales si Scotland, huna haki ya kupiga kambi porini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Mimi nilimwomba mfugaji karibu na Ffair Rhos, akanionyesha kona ya malisho. Kule juu vijiziwani ungelala vibaya hata ukiruhusiwa: chini ni udongo mweusi wa majani yaliyooza, na kigingi cha sentimita 15 kinatoka kwa vidole viwili. Beba virefu vya bapa, au funga kamba kwenye kigingi ulichokilaza na ukiwekee jiwe. Mlango wa hema upe mgongo magharibi, upepo mwingi unakotoka. Maji ya vijito yana rangi ya chai ya rangi. Rangi hiyo haina shida, ila kondoo wako kila mahali, kwa hiyo chemsha. Chujio pia linaziba haraka.

Pedi za breki angalia kabla ya kuteremka kutoka Teifi. Matope ya changarawe yanazila kama msasa.

Aberystwyth nilinunua boliti za M5 na washa za springi, pauni mbili tatu hivi. Mbili nimezifunga kwenye matundu matupu ya foku, uma wa gurudumu la mbele. Hazipotei, na hesi za matundu haziingii matope.