Nyumbu wakizama Mto Mara nani anafaidi?

Msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara ukifika tu, Julai hivi mpaka Oktoba, klipu zinajaa kwenye magrupu ya WhatsApp na watu wote macho kwa mamba, oh mamba kala, oh mamba kakosa. Jamani mamba anasingiziwa bure. Wanaomalizwa na mto wenyewe ni wengi mno, maji yakijaa wanasukumana, wanakanyagana, wakifika ng'ambo ukingo umesimama kama ukuta hawana pa kutokea, baada ya siku chache unakuta mizoga imevimba imerundikana kwenye kona.

Kuna watafiti walipiga hesabu wakachapisha mwaka 2017, wastani ni nyumbu 6,250 kwa mwaka wanaozama, kama tani 1,100 hivi. Sasa mamba akishiba kashiba, hana friji, zote hizo zinaenda wapi?

Tai na korongo wanakula halafu wanaenda kunya huko mbali wanakolala, kwahiyo mbolea nyingine inapanda angani inaondoka kabisa mtoni. Nzi wanataga, funza wanajaa puani na machoni, bakteria nao wanapiga kazi, nyama inaisha ndani ya wiki 2 mpaka 10. Samaki ndo usiseme, wale wa kawaida pale mtoni mizoga ikiwepo inakuwa asilimia 34 mpaka 50 ya msosi wao.

Ila mi kinachonimaliza ni mifupa. Nyumbu ukimkausha karibu nusu ya uzito wake ni mifupa, na mfupa ndani ya maji unachukua miaka 7 mpaka uishe, muda wote huo unaachia fosforasi, yaani madini ya kurutubisha, kidogo kidogo, na juu yake unaota ule utelezi wa kijani, mwani umechanganyika na bakteria, ndo samaki wanakuja kuuparua miezi kibao baada ya nyama kwisha na tai kutokomea. Yaani nyumbu wa mwaka huu wanavuka juu ya mifupa ya wenzao wa miaka mitano nyuma na bado inalisha watu, samaki namaanisha.

Halafu mtu anakomenti eti serikali iwajengee daraja. Daraja la nini bwana, nyumbu wapo zaidi ya milioni moja, hao wanaozama hawafiki hata asilimia 1, na ukishawaokoa wote wale samaki utawalisha wewe?