Duara lililogeuka yai: siku yangu moja karakanani, Tabora

Saa moja kasoro asubuhi. Mzee jirani anapita na baiskeli, "Wangaluka!" Namwitikia huku nahangaika na kufuli. Usiku sikulala vizuri. Jana, kwa mashine yangu ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, nilichonga tundu la duara kwenye ubao wa mninga, upana milimita 300, likae kioo cha milimita 299 alicholeta mama mmoja wa Isevya. Kioo kikagoma. Mbele kwenda nyuma tundu ni 300 kamili; kushoto kwenda kulia, 298.5. Nimechonga yai. Na mninga siku hizi haununuliwi kwa mzaha.

Saa mbili. Dogo, mwanafunzi wangu, ana ushauri: "Kaka, si uongeze tu upana wa mchoro kwenye kompyuta?" Ningefanya hivyo kila kazi mpaka nizeeke. Nafunga kipande cha mbao chakavu pembeni, nadonoa alama kwa biti (kisu cha mashine) yenye ncha, naiamuru mashine iende milimita 400 kulia, nadonoa tena. Mara zote mbili biti inafika ikitokea kushoto, ili ulegevu wa mkanda unaoivuta usinidanganye. Rula ya chuma inasema 398.

Mota yangu hupiga hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua imegawanywa mara 16, jumla 3,200. Puli ina meno 20 na mkanda una jino kila milimita 2, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 40. Gawanya: hatua 80 kwa milimita. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Wiki jana nilifunga mkanda mpya upande huo, na mkanda haujasoma karatasi yangu. 80 mara 400, gawa kwa 398, napata 80.402. Kwenye GRBL, programu inayoendesha mota, naandika $100=80.402, yaani hatua kwa milimita za kushoto-kulia. Napima tena: 400. Upande wa Y, wa mbele-nyuma, siugusi, haujanikosea.

Saa nne. Uzuri wa tundu dogo ni kwamba linapanuliwa. Lingekuwa kubwa ningelia. Ila sifuri ya jana, yaani pale mashine inapoanzia kuhesabu, haifai tena, maana kipimo chenyewe kimebadilika. Natafuta katikati upya kwa rula na penseli, kazi ya nusu saa, kisha biti inapita kwenye ukingo ikinyoa unga mwembamba.

Saa sita umeme unakatika. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga, stori.

Saa tisa unarudi, tunajaribu maandishi ya chini ya kioo. Herufi zinatoka nene kama zimevimba. Dogo kafunga biti yenye ncha ya pembe ya nyuzi 90, programu inadhani ni ya 60. Mstari wa upana wa milimita 6 programu huuchimba kina cha 5.2, ukichimba kina hicho kwa biti ya 90 unapata mstari wa zaidi ya 10. Nashukuru ilikuwa mbao ya majaribio. Namwonyesha, anacheka, mimi sicheki sana.

Saa kumi na moja mama anafika. Kioo kinaingia taratibu kwa vidole viwili. Anakitazama, anajiweka sawa kitenge, ananigeukia:

"Sasa fundi, si uliniambia jana?"