Siku moja na mashine ya kupima mishipa ya fahamu

Saa moja na nusu asubuhi nawasha mashine, nakagua waya, nasafisha elektrodi. Wengi wakiona hizi waya hudhani natibu kwa umeme. Sitibu. Napima kama mshipa wa fahamu unapitisha taarifa kwa kasi inayotakiwa, na kama unakwama, unakwama wapi.

Saa mbili hadi saa nne: viganja vinavyokufa ganzi usiku, mmoja baada ya mwingine.

Saa nne na robo akaingia mama wa makamo, fomu yake imeandikwa "shingo". Nikamwamkia, akaitikia kwa mkato, amechoka kuzungushwa. Kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vimekufa ganzi, vyombo vinamponyoka. Nikamwomba anyooshe mkono wa kushoto. Ukagoma katikati.

"Ndivyo ulivyo, mwanangu. Nimezaliwa nao."

Picha za shingo anazo bahasha nzima. Ya kiwiko, hata moja.

Basi asubuhi yangu ikaishia hapo. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na mkono wa baridi hudanganya: mshipa mzima kabisa huonekana mzito. Nikaupasha hadi ngozi ikafika nyuzi 32. Kisha mpigo wa umeme kwenye kifundo cha mkono, chini ya kiwiko, juu ya kiwiko. Kiwiko hukunjwa nyuzi 70 hadi 90 ili utepe wa kupimia urefu ufuate njia halisi ya mshipa, lakini mifupa yake haikukaa pale vidole vyangu vilipozoea kuikuta. Nikapima, nikafuta alama, nikapima tena. Kila mpigo anaruka. "Wataka kuniua?" Pole mama, bado kidogo. Mlango unagongwa, mgongo unaniuma, bado kidogo haiishi.

Hatimaye: kigashani mita 57 kwa sekunde, kupita kiwikoni 34. Tofauti ikizidi 10 tayari tunashuku mshipa unakwama kiwikoni. Nikampa karatasi aibane kwa gumba na kidole cha shahada. Ncha ya gumba ikajikunja, dalili ya misuli iliyodhoofika, na nyama kati ya vidole hivyo ilikuwa imeshabonyea.

Kiwiko kilichoumbika tofauti tumboni kinaweza kukaa kimya miaka mingi. Mtoto hukizoea. Lakini kila mkono unapokunjwa, mshipa unaopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani unavutwa na kusuguliwa, hadi utu uzimani ganzi inajitokeza. Kuna wengine ambao mfupa wa upande wa gumba umezaliwa nje ya kiungo. Huko mshipa mwingine unaweza kubanwa, vidole vikashindwa kunyooka bila ganzi yoyote. Inaniuma sana nyama ikiisha kabla mtu hajaulizwa: mkono huu ulizaliwa nao hivi?

Mchana sikumbuki mpangilio. Wagonjwa, chakula kilichopoa, wagonjwa tena. Jioni ripoti, na yake niliiacha ya mwisho ili niiandike kwa utulivu kabla daktari wetu hajaisaini: kiwiko hakinyooki tangu kuzaliwa, kipigwe eksirei, na cha kulia pia kwa kulinganisha, aonwe na daktari wa upasuaji wa mifupa mapema, misuli imeanza kupungua.