Babu yangu na ubatizo wa mara mbili

Kwetu Kiswahili kilikuja na reli: babu alitoka Tororo akaenda Jinja, zote za Uganda, kubeba mataruma. Nilipoanza kuandika ukoo nilimkuta kwenye madaftari mawili ya ubatizo. Parokia ya kwao inasema 1926, ya Jinja inasema 1929. Na Kanisa Katoliki halimbatizi mtu mara mbili.

Shangazi akaniambia nichukue tarehe ya zamani, yaishe. Mimi nikawaza huenda ni watu wawili. Jina lenyewe Josephus Okello! Okello ni mtoto anayefuata mapacha, na kwetu mapacha hawajawahi kuadimika. Hata jina la baba kufanana halikunitosha.

Kosa langu, safari ya kwanza nilinakili majina na tarehe tu, Kilatini nikakiruka. Nikarudi Tororo. Karani akanifungulia daftari, karatasi zimeiva kama chai ya rangi, na safari hii nikapiga picha ukurasa mzima. Kwenye mstari wa 1926 pameandikwa "in periculo mortis": alibatizwa akiwa mahututi, na aliyemmwagia maji ni katekista. Jinja nako, kumbe, padre hakuandika kwamba amembatiza, ameandika "caeremoniae suppletae". Yaani mgonjwa alipona, akamaliza mafundisho, akakamilishiwa mafuta na yale mengine yaliyorukwa siku ile ya homa. Maji hayakurudiwa.

Lakini ni yeye kweli? Jibu lilikuwa pembeni mwa ukurasa wa Tororo, kwa wino tofauti na mwandiko mwembamba: ndoa, Jinja, 1934, na jina la bibi. Tangu 1908, ndoa ikifungwa taarifa hupelekwa kule mtu alikobatizwa, iandikwe kando ya jina lake. Siku hizi mimi husoma pembezoni kwanza, halafu ndiyo mstari wenyewe.

Umri ndio umegoma. Tororo wameandika "circiter" 16, Jinja "circiter" 22, na neno hilo maana yake "takribani". Padre alimtazama kijana akakisia. Kwa hiyo nimeandika kwamba babu alizaliwa kati ya 1907 na 1910.

Shangazi hataki kusikia. Kaburi linasema 1905, na saruji aliilipia yeye.