Wageni wa Mida wamevaa nguo za safari

Kaskazi, upepo wa kiangazi, imekata. Mimi huijua kwa kamba ya nguo: asubuhi nimeanika mashuka, hadi adhuhuri yamening'inia tu, hayapepei. Joto limesimama uani, mawingu yanajikusanya upande wa bahari, na kila mtu anangoja mvua za mwaka. Siku hizi chache, mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, cherehani yangu hupumzika alasiri. Wateja wananijua. Anayetaka gauni la Idi alilete mapema.

Nachukua darubini, daftari na chupa ya maji, nashuka kutoka Dabaso mpaka kwenye daraja la mbao linalokatiza mikoko ya Mida, hori la bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya, nakwenda kukaa kibandani kule mwisho kuwatazama ndege wa tope wanaojiandaa kuhama. Siku nzuri ni za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa kuwa maji hujaa jioni. Nikifika saa nane, ndege wako mbali kwenye tope, vidoa tu vinavyotembea. Maji yanapopanda yanawasukuma taratibu kuja kwangu, na kufikia saa kumi na nusu kundi zima limebanwa kwenye kipande cha mchanga kisichozidi ua wa nyumba yangu. Kwa hiyo siwafuati. Nakaa, bahari inaniletea.

Mjomba wangu, aliyevua humu ndani maisha yake yote, wadogo wote huwaita vitwitwi na wakubwa wote sululu. Mwezi wa Novemba simlaumu, maana wote wamevaa rangi ya tope, mgongo kijivu, tumbo jeupe. Lakini Aprili njoo utazame. Yupo kitwitwi wa aina moja, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini, nampenda kuliko wote. Mabadiliko yake huanza na doa moja la wekundu kifuani, kama mtu aliyedondokewa na mchuzi. Wiki ya pili madoa yameungana. Sasa hivi wapo ambao kuanzia usoni mpaka tumboni ni wekundu wa tofali, na mgongoni kila unyoya mpya una ukingo mweupe, msafi, kama pindo lililopigwa kwa mkono. Mwaka huu niliganda na mmoja karibu robo saa. Alikuwa akijichambua, akavuta unyoya mmoja wa zamani uliofifia, ukaanguka majini na kuelea hadi chini ya kibanda.

Nguo hiyo si ya kwetu. Ni ya Siberia, kule juu karibu na Aktiki, ambako ndiko anakozaa, na ambako theluji huyeyuka mwezi wa Juni. Katika siku zake za kawaida uzito wake ni kama wa yai la kuku. Sasa anakula mchana kutwa, na usiku pia maji yakipwa, apate mafuta ya kumfikisha huko. Ukimtazama ubavuni utaona amekuwa mviringo.

Ndiyo maana naomba, na nitaomba kila mwaka: wiki hizi msiwarushe ndege. Juzi kikundi cha wageni kilishuka kwenye tope na simu zao mpaka kundi lote likaruka, likatua, wakalifuata tena, likaruka tena. Mara tano nilihesabu. Kila kuruka ni mafuta yanayoungua, na ilikuwa imebaki saa moja tu maji yawafukuze mahali pa kula. Picha nzuri hupatikana ukiwa umekaa kibandani.

Nyuma ya vitwitwi husimama ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mweusi mnene kama koleo la fundi. Mimi humwita Mla-kaa. Katika jamii ya ndege wa tope ni yeye peke yake anayechimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Anazaa Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Kwa hiyo naye hungoja majira yaleyale waliyongoja manahodha: majahazi yalikuja na kaskazi, na kusi ilipoanza kuvuma yakarudi Uarabuni. Mtoto wake wa mwaka jana mpaka leo hajaachishwa. Jumanne nilimwona, mgongo wa kijivu, mkubwa sawa na mama yake, ameinama na kupiga mluzi mwembamba bila kukoma. Mama alikamata kaa, akamtikisa mpaka miguu ikang'oka, akaosha kiwiliwili majini, akampa. Mwana akameza, akaanza mluzi tena.

Miaka saba nimewaaga ndege hawa bila kuwaona wakiondoka. Leo wapo, kesho hawapo. Alhamisi hii maji yalikuwa yamejaa, jua linakaribia miti ya Arabuko-Sokoke, na mjomba alikuwa akipita na mtumbwi wake.

"Wageni wako wana kelele leo, mwanangu," akasema.

Kweli walikuwa na kelele. Wekundu walikuwa wamejitenga upande mmoja wa mchanga, wanaitana, wanakimbia hatua mbili na kusimama. Kisha wakaruka, kama arobaini hivi. Nilidhani kipanga amepita. Lakini hawakukaa chini chini juu ya maji kama wanavyofanya wakiogopa. Walizunguka wakipanda, duara juu ya duara, wakiendelea kuitana, hadi shingo ikaniuma. Saba walivunja safu wakarudi, wakatua palepale walipotoka. Waliobaki wakajipanga mstari uliokaa upande, wakapita juu ya mikoko, wakaelekea kaskazini. Mjomba alikuwa ameinua kasia kutoka majini na kulishika tu, linadondosha matone.

Niliandika: Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro robo, 33 wameondoka.

Kwenye mchanga walibaki wale saba, na wale wa kijivu, watoto wa mwaka jana ambao hawatakwenda popote msimu huu. Maji yalianza kupwa. Wakashuka kwenye tope na kuendelea kula.